Haymarket, Julai 1845: Sketi na Taa

Nauli ya kwenda mwaka 1845 sitaitaja, maana mume wangu naye anasoma. Lakini kilichoniuma zaidi ni gauni. Pale Her Majesty's Theatre, mtaa wa Haymarket, London, huingii ulivyo. Mabwana ni koti jeusi la jioni, mabibi wamebanwa viuno mpaka pumzi inapita kwa foleni. Ikabidi niende Monmouth Street, kwenye mitumba. Naam, mitumba, imetundikwa milangoni, na muuzaji anakuapia kwamba aliyeivaa alikuwa mke wa bwana mkubwa. Bei akanitajia kwa shilingi, nikajisikia niko nyumbani, kumbe shilingi yao moja wanawake wanaoshona mashati mjini humo wanaihangaikia kutwa nzima na wengi hawaipati. Kufika kwenye ngazi za ukumbi, mshono wa kwapa ukaachia. Ulikuwa umegundishwa! Mimi fundi wa kushona, niuziwe kwapa la gundi.

Nilikwenda kwa ajili ya usiku wa tarehe 12. Wachezaji wanne wa baleti waliotikisa Ulaya walikuwa wanapanda jukwaa moja: Marie Taglioni, Fanny Cerrito, Carlotta Grisi na Lucile Grahn. Densi ilitungwa na Jules Perrot, muziki ni wa Cesare Pugni. Mambo nusura yaharibike kabla ya kuanza, maana mwenye kufunga ndiye mkubwa. Kwa Taglioni hakuna aliyebisha. Ugomvi ulikuwa kati ya Cerrito na Grisi, hakuna aliyekubali kumtangulia mwenziwe. Benjamin Lumley, mwenye kuuendesha ukumbi, akatoa hukumu: aliyezaliwa kwanza ndiye acheze mwisho. Ghafla wote wakawa wapole, kila mmoja anamsukumia mwenziwe heshima. Basi akaanza Grahn aliyekuwa na miaka 26, akafunga Taglioni mwenye 41. Kwetu ukitangaza kwamba mkubwa ndiye wa kwanza kupewa sahani, mashangazi wangeleta ushahidi mpaka wa njaa iliyokuwepo mwaka waliozaliwa.

Nyuma ya jukwaa niliingia kwa kusema kweli, kwamba mimi ni fundi. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kazi ya kuvalisha, akaniangalia kwapa, akanihurumia, akanikalisha juu ya sanduku. Kazi yenyewe ndiyo iliyonipumbaza. Cherehani huko hazijaingia, kila mshono ni mkono na subana. Viatu nilivyovidhania vya ajabu ni kitambaa cha atlasi laini tu, soli ya ngozi nyembamba kuliko kidole changu cha gumba, ndani hakuna kigumu chochote. Anayesimama juu ya ncha ya kidole anasimama kwa msuli wake mwenyewe. Mama alikuwa anapitisha uzi wa pamba kwenye ncha, kushoto kulia, kushoto kulia, mishono midogo imesongamana, ili atlasi isichanike na mguu usiteleze.

Sketi sasa. Kengele inayofunika goti na kuishia chini kidogo ya katikati ya muundi, mtindo ulioshika tangu Taglioni alipocheza *La Sylphide* huko Paris mwaka 1832. Ni tabaka juu ya tabaka za pamba, nyingine melimeli, nyingine imefumwa wazi kama chandarua, zote zimetiwa dondo. Niliiweka moja sakafuni, ikasimama yenyewe. Nikaipulizia pumzi tu, ikatikisika yote.

Hapo moyo ukanipasuka, maana pumzi ya taa nayo inaitikisa. Ukumbi mzima unawaka gesi: ukingoni mwa jukwaa, na pembeni wasichana wanapopita wakigeukageuka. Taa ikiwaka inavuta hewa, na kitambaa chepesi kinafuata hewa. Pamba yenyewe ni kuni, na matundu ya mfumo yanaupa moto nafasi ya kupumua. Hata ukitaka kumtengenezea mtu vazi la kumuunguza, sijui utaongeza nini.

"Mama, hamuogopi?"

Akaacha sindano. Akanitajia Clara Webster, msichana wa Drury Lane, ukumbi usio mbali na pale. Tarehe 14 Desemba iliyopita sketi yake ilishika taa watu wakimtazama. Wenzake walishindwa kumkaribia, nao wamevaa kitambaa kilekile. Alifariki siku ya tatu.

Nikamuuliza habari ya shabu, ile ya vinyozi, maana Wafaransa walikuwa wameshafanya majaribio ya kulowesha vitambaa vya ukumbini katika maji ya chumvi mbalimbali ili visishike moto. "Inajulikana, mwanangu," akasema. "Lakini weupe unakufa, na kitambaa kinakuwa kizito. Nani atavaa?"

Densi yenyewe niliitazama nimesimama pembeni, na wote wanne walikuwa katika waridi hafifu, maua kichwani. Mabwana wamekodoa miwani yao kwenye miundi. Maua yalirushwa mpaka jukwaa likawa halipitiki. Malkia Victoria hakuwepo, alikuja usiku wa tatu. Naye utotoni alikuwa na wanasesere wa mbao waliovishwa nguo za wachezaji wa jukwaani, Taglioni akiwemo. Zaidi ya hapo nisiulizwe, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye pindo na taa, pindo na taa.

Taglioni alipopita karibu yangu nilisikia dondo likikwaruza. Nilitamani nimshike mkono. Miaka kumi na mitano mbele atamtungia densi Emma Livry, kijana anayempenda, huko Paris. Huyo ataletewa sketi zilizotiwa dawa, atazikataa kwa maandishi, lawama zote juu yake, maana zinafubaa. Novemba 1862, kwenye mazoezi, gesi itamshika. Atateseka miezi minane. Lakini ningemwambiaje bibi huyu, na kwa lugha gani? Akapita, akaenda kushangiliwa.

Chumba nilicholala sina hamu nacho. Kunguni wa Kiingereza hawana adabu, na mshumaa unalipiwa kando.

Nimerudi kazini, Sinza. Neti zetu sasa si pamba, ni nailoni, nayo ikiungua haigeuki jivu, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Jumamosi nina bibi harusi anayetaka tabaka saba, mkia wa mita tatu, na fataki pande zote mbili wakati wa kukata keki. Neti nitamshonea. Habari ya fataki nimempigia MC, nikamweleza taratibu, mpaka mambo ya Clara. Akanisikiliza, akasema, "Dada, hizo zimeshalipiwa." Nimempigia mama mzazi wa bibi harusi. Hajapokea.