Naishi Scarborough, jiji lililofutwa mwaka 1998

Ukinitumia barua huku Kanada, kwenye bahasha utaandika Toronto. Kisheria ndivyo ilivyo tangu Januari 1, 1998. Lakini huku mashariki ni nadra kumsikia mtu akisema anakaa Toronto. Anasema Scarborough. Na wengi wanaosema hivyo, siku Halmashauri ya Scarborough inavunjwa walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa bado kwao Colombo, Kingston, Manila, au kama mimi, Temeke.

Vijana wanaojiandaa kuja wananiuliza sana: "Kaka, hiyo Scarborough ni mji au ni mtaa?" Ilikuwa mji kamili, wenye meya, madiwani na bajeti yake. Sasa ni upande wa mashariki wa Toronto. Magharibi inaishia barabara ya Victoria Park, kaskazini Steeles, kusini Ziwa Ontario, na mashariki mto Rouge na mpaka wa Pickering. Ni kilomita za mraba 187 hivi na watu zaidi ya laki 6.

Jina lilitokana na majabali. Mwaka 1793 Elizabeth Simcoe, mke wa gavana Mwingereza wa wakati huo, aliyaona kutoka ziwani akakumbuka Scarborough ya kwao Yorkshire. Nimeyaita majabali, ila ukiyagusa si mwamba. Ni mchanga na udongo wa mfinyanzi ulioachwa na barafu ya kale, nao umesimama wima, mahali pengine kufikia kama mita 90. Shuka Bluffer's Park siku baada ya mvua kubwa utaona tope jembamba likichuruzika kwenye mikunjo ya ukuta ule, na huko juu kabisa uzio wa nyuma ya nyumba ya mtu unaning'inia, nguzo mbili tatu hazigusi chochote. Mchanga unaoporomoka hausimami hapo. Mawimbi yanausukuma kwenda magharibi, na ndio uliojenga visiwa vya Toronto, vile vinavyopendeza kwenye picha za katikati ya jiji. Wenyeji wa huku hupenda kulalamika kwamba downtown wanakula vya Scarborough. Basi ujue walianza zamani.

Kabla ya Wazungu kulikuwa na watu wa asili, na ardhi yenyewe iliwakumbusha wakubwa hilo. Mwaka 1956 mafundi wakisawazisha kilima cha Tabor Hill ili zijengwe nyumba, walikuta mifupa ya watu. Lilikuwa kaburi la pamoja la mamia ya watu, la karne nyingi nyuma. Ujenzi ulisimama, na kilima bado kipo katikati ya mtaa wa kawaida kabisa, majirani wanakata majani yao pembeni.

Sasa nije kwenye jambo linalomgusa kila mgeni, yaani umbali. Mtu anafika, anapata chumba, anaambiwa duka liko barabara inayofuata. Anatoka kwa miguu. Baada ya dakika 20 kwenye upepo wa Januari bado anatembea. Wapimaji wa serikali ya kikoloni mwishoni mwa karne ya 18 waliigawa ardhi hii kuwa mashamba, wakachora barabara kuu zilizonyooka kama rula kila baada ya kilomita 2 hivi: Eglinton, Lawrence, Ellesmere, Sheppard, Finch, Steeles. Kwa mkulima mwenye farasi hesabu hiyo ilitosha. Mwaka 1850 ikaundwa halmashauri, ya vijijini kama tungesema kwetu, na kwa karibu miaka 100 kazi yake kubwa ilikuwa mashamba, madaraja na njia za matope.

Kilichoibadilisha ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilijengwa karibu na Eglinton kiwanda cha kutengeneza viwashio vya mabomu, kikiitwa GECO, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake. Vita ilipoisha halmashauri ikaona fursa. Ikainunua ardhi ile na kuiuzia viwanda, na eneo likajulikana kama Golden Mile, Maili ya Dhahabu. Malkia Elizabeth mwenyewe alipitishwa hapo mwaka 1959. Viwanda vikaleta kodi, kodi ikaleta mabomba ya maji, na nyumba zikaota kila mahali. Mwaka 1951 walikuwa watu kama 56,000. Mwaka 1961 wamepita 200,000. Mitaa yote hiyo ilijengwa kwa kudhani kila familia ina gari, na ilipandikizwa juu ya ramani ileile ya mashamba. Kwa hiyo tunaosubiri basi namba 54 la Lawrence East saa 11 alfajiri tunalipia hesabu mbili kwa mpigo, ya mkulima wa zamani na ya mwenye gari wa miaka ya 1950. Viwanda vyenyewe vimeondoka. Golden Mile ya leo ni maduka makubwa, maegesho, na mabango ya maghorofa yajayo.

Kiutawala mambo yalipanda ngazi moja moja. Mwaka 1954 Scarborough iliingia kwenye Metro, serikali ya pamoja ya Toronto na vitongoji vyake, huku ikibaki na halmashauri yake. Mwaka 1967 ikawa manispaa, mwaka 1983 ikaitwa jiji. Miaka 15 baadaye hilo jiji halipo.

Serikali ya jimbo la Ontario chini ya Mike Harris ilisema kuunganisha Toronto, Scarborough, North York, Etobicoke, York na East York kutapunguza gharama. Kura ya maoni ya Machi 1997 ikarudi na zaidi ya asilimia 70 wakikataa. Wapinzani bungeni wakawasilisha maelfu ya marekebisho, mengi yakitaja mtaa mmoja mmoja kwa jina, na wabunge wakakesha siku kadhaa wakiyapigia kura. Haikusaidia. Katiba ya Kanada inaziweka serikali za mitaa chini ya jimbo, na jimbo likiamua limeamua.

Sisi wa Dar hatuna la kushangaa hapo. Halmashauri yetu ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 ikawekwa Tume, mwaka 2000 tukapata manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni, na Februari 2021 Jiji likavunjwa tena na hadhi yake ikapewa Ilala. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna aliyetuuliza kwa kura. Hawa waliulizwa, wakajibu, na jibu likawekwa kabatini. Sijui kipi kinauma zaidi.

Jengo la halmashauri bado lipo, Scarborough Civic Centre, jeupe, lililopangwa kwa ngazi kama sitaha za meli. Lilichorwa na Raymond Moriyama, Mkanada mwenye asili ya Japani ambaye utotoni alifungiwa kambini na serikali yake wakati wa vita, na Malkia alilifungua mwaka 1973. Ingia ndani uangalie juu, utaelewa kwamba watu hawa walikusudia kuwa mji. Leo hukutana humo kamati ya madiwani wa upande huu, inayoamua mambo kama alama za barabarani na uzio wa jirani. Madiwani wenyewe ni 6 tu, baada ya jimbo mwaka 2018 kupunguza kata za Toronto hadi 25 kampeni zikiwa tayari zimeanza.

Usafiri ndio unaowakasirisha watu kuliko hayo yote. Treni ndogo ya RT ilianza mwaka 1985 na theluji ilikuwa ikiisumbua kila mwaka. Julai 24, 2023 behewa la nyuma liliacha reli. Huduma haikurudi tena, tukawekewa mabasi, huku reli mpya ya chini ya ardhi ikichimbwa.

Na bado watu hawahami kirahisi. Kodi ya nyumba ina nafuu kidogo ukilinganisha na katikati ya jiji, na chakula cha kwetu kinapatikana bila kuhangaika: mihogo, ndizi, bamia, na mchicha mbichi ambao Wajamaika wanauuza kwa jina la callaloo. Kuna duka Markham Road ambako mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Tanga hunisalimia "Habari za siku nyingi, baba" hata kama tulionana juzi, halafu ananisema kwa nini sijaoa.

Kwa hiyo ukipata mwenyeji huku, usimuulize anakaa Toronto sehemu gani. Muulize barabara mbili zinazokutana karibu na kwake, Markham na Lawrence, Kennedy na Finch, ndivyo watu wanavyoelekezana. Kisha angalia ni mabasi mangapi kutoka hapo kabla hujakubali kazi ya ghala Mississauga, mji ulio ng'ambo ya pili, magharibi ya Toronto.