Shanta langu la kilo 1.08

Kazi yangu ni karatasi za mizigo, hapa bandarini Kilindini, Mombasa, mwaka wa 14 sasa. Kontena la futi 20 huandikwa mlangoni uzito wake likiwa tupu, tani 2 na kitu, ili anayepima jumla autoe ajue mzigo wenyewe ni kiasi gani. Na tangu Julai 1, 2016, kontena halipakiwi melini mpaka uzito wake kamili uwe umepimwa na kuthibitishwa. Zamani watu walikuwa wakikisia, na bahari haikubali makisio.

Nayajua haya kama ninavyojua jina langu. Lakini mara ya kwanza nilipokwenda kupanda milima ya Taita, nilitoka nyumbani Kisauni na shanta, begi la mgongoni, ambalo sikulipima, si tupu wala limejaa.

Tulikuwa sita, kikundi chetu cha kutembea Jumapili. Treni kutoka Miritini mpaka Voi, kisha matatu kupitia Mwatate mpaka Wundanyi, usiku mbili kwenye mahema, na katikati kupanda Vuria, mita 2,208. Begi nilikuwa nimelinunua soko la Kongowea, mtumba, shilingi 1,800. Lita 75, mifuko kila upande, zipu nzima. "Mama, hili halifi," aliniambia muuzaji, nami nikaliamini kwa jinsi lilivyokuwa zito mkononi. Nilidhani uzito ni uimara.

Saa mbili za kupanda hazijaisha, vidole vya mkono wangu wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Mikanda ilikuwa imebana mishipa ya bega. Mkanda wa kiuno, ambao ndio ungefaa kubeba, ulikuwa umeshuka makalioni na kazi yake ilikuwa kunichubua tu. Kaka mmoja wa kikundi akaniona nimesimama kila baada ya hatua ishirini, akaja kunipokea. Alipolinyanyua akalitua chini tena. "Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema. "Dada, hapa hapana usufi." Tukagawana vitu vyangu watu watatu. Nilipanda Vuria mikono mitupu huku wenzangu wakinibebea sufuria, na jambo hilo liliniuma kuliko bega.

Niliporudi nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa mjomba wangu, anayouzia samaki. Nikalitundika begi mlangoni, vitu vyote ndani vilevile nilivyokwenda navyo. Kilo 15.4. Nikalimwaga, nikalitundika tupu. Kilo 2.7. Mimi nina kilo 61, kwa hiyo nilikuwa nimebeba robo ya mwili wangu. Wanaotembea na kulala njiani hujiwekea mpaka wa asilimia 20 hivi ya uzito wa mtu, ambayo kwangu ni kilo 12.2, na hata hiyo ni kwa mtu aliyezoea.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama mtu wa bandari. Nikachukua daftari la binti yangu, nikapima kitu kimoja kimoja. Chupa mbili za chuma. Taulo kubwa la kuogea. Blanketi. Tochi ya betri nne. Jozi ya pili ya viatu, kwa nini sijui. Sufuria ya familia kwa ajili ya chai ya mtu mmoja. Kila kitu nilikiuliza: nilikutumia mara ngapi kule? Taulo likatoka, ikaingia leso moja, si doti nzima. Leso hiyo ni taulo, ni msala, ni shuka, ni kitambaa cha kujifunika bega jua likizidi, na ikilowa inakauka kabla ya Adhuhuri. Chupa za chuma zikabaki nyumbani, nikanunua za plastiki ngumu. Zile za maji ya dukani usizifikirie: tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu ya hifadhi na fukwe, na langoni mwa hifadhi ya Shimba Hills utaulizwa.

Sitawaandikia daftari lote. Nitasema tu kwamba leo natoka na kilo 9.5, lita 2 za maji zikiwa ndani. Katika kilo karibu 6 nilizopunguza, begi jipya limechangia kilo 1.62. Zilizobaki zilitoka kwenye vilivyomo, na nyingi hazikunigharimu hata senti.

Ndiyo maana nasema begi linunuliwe mwisho. Ukilinunua kwanza, utalijaza, maana nafasi tupu haivumiliki. Ukishapima vitu vyako ndipo unajua unahitaji lita ngapi na linalobeba kilo ngapi. Emma Gatewood, bibi wa Marekani, mwaka 1955 alitembea njia nzima ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na miaka 67. Mfuko wake alijishonea mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi, akauning'iniza bega moja. Hakuchukua hema, alichukua pazia la bafuni la kujikinga mvua. Mfuko ule haukuwa na lolote la ajabu. Ajabu ilikuwa uchache wa alivyotia ndani.

Lakini mimi si bibi yule, na bega langu limeshaumia. Kwa hiyo nikaja kwenye jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: urefu wa mgongo. Si urefu wa mtu. Mimi ni mrefu kuliko dada yangu, lakini mgongo wake ni mrefu kuliko wangu, urefu wangu uko miguuni. Inamisha kichwa, mtu apapase nyuma ya shingo mpaka apate mfupa uliotokeza kuliko yote. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee mgongoni. Mstari kati ya vidole hivyo viwili ndio mwisho. Binti yangu alinipima kwa futi ya cherehani: sentimita 43. Nikapima begi la Kongowea, kutoka mikanda ya mabega inaposhonewa mpaka katikati ya mkanda wa kiuno: 51. Lilitengenezewa mtu mwingine kabisa. Ningelikaza mkanda kiunoni, mikanda ya juu ingeelea hewani nyuma ya mabega. Ningeishusha mabegani, kiuno kingekwenda makalioni. Hakuna kukaza wala kulegeza kungeziba sentimita 8.

Marehemu bibi yangu alikuwa akichota maji Kwale, ndoo kichwani, ngata chini yake. Niliwahi kumuuliza kama shingo haimuumi. Akanionyesha kwa mkono: maji yanashuka hivi, akapita na kiganja kutoka utosini, uti wa mgongo, mpaka nyonga, kisha akajipiga mapaja. "Haya ndiyo yanayobeba." Shanta zuri linatafuta njia ileile. Fremu, hata kama ni vijiti viwili vya alumini, inachukua uzito na kuuteremsha kwenye mkanda wa kiuno, mkanda unaukalisha juu ya mifupa ya nyonga, na mapaja yanabeba. Mabega kazi yake ni kulizuia begi lisikuvute nyuma.

Basi ukijaribu begi, usilivae tupu. Begi tupu halisemi ukweli. Nenda na unga, paketi nne za kilo 2, uzifunge ndani ya leso zisichezecheze. Legeza mikanda yote. Funga mkanda wa kiuno kwanza, juu ya mfupa na si tumboni, ukaze. Kisha mabega, yakugusie tu. Kisha vile vikamba vidogo vya juu vinavyovuta begi lije mwilini. Mkanda wa kifua mwisho. Halafu tembea, panda ngazi, inama kama unayefunga kamba za kiatu. Mimi nililivaa nusu saa nzima, muuzaji akanitazama, nikaendelea. Dakika tano za kwanza kila begi ni zuri.

Kwa dada wenzangu wanaovaa mtandio, angalieni pini. Nilichomwa na pini begani siku nzima Shimba kwa sababu mkanda ulikuwa unaikandamiza. Sasa mtandio naufunga bila pini, ncha nazipitisha nyuma kabla ya kuvaa begi. Na tafuteni mikanda iliyopinda kufuata kifua. Ile iliyonyooka inakata kwapani.

Suala la joto limenisumbua kuliko yote, maana hapa kwetu jasho linaanza kabla hujatoka nje. Kuna mabegi yenye wavu uliotandwa mgongoni, upepo unapita kati. Raha yake naijua, nimeazima moja. Lakini ule upinde unaotanda wavu unalisukuma begi mbali na mgongo, na mzigo ulio mbali unavuta nyuma. Sentimita chache zinatosha kukufanya utembee umeinama. Nikiwa na kilo 5 za kushinda mchana kutwa, wavu. Nikiwa na kilo 9 na mlima mbele, nataka mzigo unikumbatie, jasho nitafua. Kwa sababu hiyohiyo, chakula na maji hukaa karibu na uti wa mgongo, usawa wa katikati, na vitu vyepesi chini na nje.

Mpwa wangu ana begi lisilo na fremu, gramu 500 tu. Nililipenda mpaka nikaweka lita 4 za maji. Likajikunja katikati kama gunia, uzito wote ukarudi mabegani, na vidole vikanikumbusha Taita. Kwa mtu mwenye kilo 7 au 8 jumla linafaa sana, hasa ukikunja mkeka wa sponji ndani ukasimama kama fremu. Mimi njia zangu nyingi hazina maji, natakiwa kuyabeba.

Sasa jambo la Mombasa, ambalo mtu wa Nairobi hatakwambia. Kabla ya hili la sasa nilinunua tena mtumba, safari hii nimepima mgongo, sentimita sawasawa, nikafurahi. Nikaliweka kabatini. Miezi mitatu baadaye nikalifungua: ndani limekuwa la kunata, linatoa magamba meupe, na harufu kama ya matapishi ya mtoto. Nguo zangu zote zikashika harufu ile. Ule utando wa poliurethani unaopakwa ndani ya nailoni ili maji yasipite huoza kwa joto na unyevu, na sisi vyote viwili tunavyo mwaka mzima. Mtumba umeshakaa miaka kwa mwenye wake wa kwanza, unakuja kumalizikia hapa. Kwa hiyo ligeuze ndani nje, sugua kwa kidole gumba, nusa pembe za chini. Likinata hata kidogo, liache. Kitambaa kilichopakwa silikoni hakiozi hivyo. Na nyumbani usilifungie kabatini. Langu linaning'inia msumarini, mdomo wazi, kwenye upepo.

La sasa nililiagiza kupitia shemeji aliyeko Doha. Lita 48, kilo 1.08, vijiti viwili vya alumini, mgongo unaoweza kupandishwa na kushushwa. Ni ghali, sitaficha: shilingi 19,500, nilizichanga miezi saba. Asiye nazo asikate tamaa. Lile la Kongowea sikulitupa. Fundi wa mabegi Makupa alinikatia kifuniko cha juu, mifuko miwili ya pembeni na mikanda isiyo na kazi, likashuka mpaka kilo 1.9, na kaka mmoja wa kikundi mwenye mgongo wa sentimita 51 ndiye anayelibeba sasa. Linamkaa kama kanzu ya kushonewa.

Nimerudi Vuria na shanta langu jipya mara mbili. Mara ya pili ukungu ulitushukia, ukageuka manyunyu. Kitambaa hakikupitisha maji ila kwenye mishono yalipita, kama kawaida, ndiyo maana mfuko wa kulalia na nguo kavu nazitia kwenye mfuko wa turubai jepesi niliojishonea. Juu kabisa nilifungua mkanda wa kiuno, nikakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Vyote vilikuwepo.

Binti yangu ametimiza miaka 15 na ameanza kuuliza lini atakuja. Juzi usiku nilimpima kwa futi ileile: sentimita 40. Shanta langu linashuka mpaka 38. Jumamosi tunakwenda Shimba, tuteremke na askari wa wanyamapori mpaka maporomoko ya Sheldrick, na kurudi ni mlima mtupu. Atalibeba yeye, kilo 5, nimeshazipima. Maji nitabeba mimi.