Rwabe, chwani na hamsini iliyorudi

Jana saa tatu usiku simu ililia ule mlio wa hela kuingia. Shilingi 50, kutoka kwa fundi bomba aliyekuja kwangu asubuhi. Nyuma yake ukafuata ujumbe: "Madam umezidisha chwani. Nilisema rwabe."

Kwanza niseme haki. Tangu nizaliwe sijaona fundi anarudisha hela ambayo hakudaiwa. Kwetu ukimzidishia fundi anakuombea dua, mnaachana hapo hapo. Huyu kijana, ambaye moyoni nilishasema kanipiga, karudisha hamsini nzima. Ila furaha yenyewe haikukaa, maana ujumbe una maneno matano na mimi, mzaliwa wa Tanga, nimeelewa matatu.

Ilikuwa hivi. Bomba la jikoni lilidondoka usiku kucha. Fundi akaja, akafungua, akatoa washa iliyolika, akaweka mpya, dakika kumi kamaliza. Nikamuuliza, kiasi gani kaka? "Rwabe tu." Mtu mwenye akili hapo angeuliza rwabe ndiyo ngapi. Mimi nikaona aibu. Nikatabasamu kama niliyeisikia rwabe tangu nabebwa mgongoni, nikaingia chumbani eti natafuta simu, nikakaa kitandani kulichambua neno. Rwabe. Linafanana na robo. Robo tumeitoa kwa Waarabu, na maneno ya Kiarabu yakipita midomo mingi hugeuka sura. Robo ya nini basi? Ya elfu, bila shaka. Robo ya elfu ni 250. Nikajiona msomi, nikatuma. Kumbe rwabe, kwa Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, ni 200, haina undugu na robo yangu ya elfu hata wa kunyonya, na chwani ndiyo hiyo hamsini iliyonirudia usiku.

Wadogo zangu walioko Uingereza wananicheka nikisema na mimi niko ughaibuni. "Nairobi? Si hapo tu ukivuka Horohoro?" Ni kweli. Unapanda gari Tanga, unavuka Horohoro na Lunga Lunga, unalala Mombasa, kesho yake treni ya SGR inakushusha Syokimau. Theluji hakuna. Na kusema kweli hata Nairobi yenyewe siishi, huenda kazini tu. Nimepanga Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado, ambako watu wa Nairobi wamepabatiza Diaspora kwa utani, kwa umbali wake na foleni ya Barabara ya Magadi. Kwa hiyo mimi nina ughaibuni ndani ya ughaibuni. Anayebisha aje apande gari za Rongai, zile za namba 125, jioni mvua inanyesha.

Na hao wa Uingereza kuna kitu wamenizidi kwa urahisi. Walipofika walijua fika kwamba lugha ya pale si yao, wakatega masikio. Mimi nilikuja na Kiswahili changu begini, pamoja na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyokula kilo zangu za mzigo, nikasema angalau hapa hawanipati. Neno geni kabisa kama rwabe limenila hamsini, basi. Yaliyonitesa ni maneno niliyoyafahamu tangu utoto, nimeyakuta huku yana kazi nyingine.

Wiki ya kwanza msimamizi wa ploti, yaani nyumba za kupanga, alinigongea. "Mama, mfereji ya jikoni iko sawa?" Mfereji! Jikoni! Kwetu mfereji ni wa maji machafu, unapita kando ya barabara. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba jikoni kwangu ni pasafi, hakuna mfereji. Akaingia kwa adabu, akalishika bomba: "Na hii?"

Siku mbili baadaye maji yakapotea. Hapa maji hayakatiki, yanapotea. Na stima, yaani umeme, nayo inapotea, utadhani vina miguu. Asubuhi nikasikia kijana wa mkokoteni anapiga kelele getini, "Mtungi ni mbao! Mtungi ni mbao!" Nikasimama dirishani. Mtungi ninaoujua ni wa udongo, au wa gesi, na wapiga mtungi ni walevi. Mbao ni za kupaulia nyumba. Huenda ni pipa, nikawaza, pipa la mbao, watu wa bara wana mambo yao. Nikateremka kulitazama hilo pipa. Nikakuta madumu ya njano ya lita 20 yamepangana, jirani kanyoosha sarafu ya shilingi 20, kijana kaipokea, dumu limebebwa. Hakuna aliyenieleza kitu, na nilikuwa nimeshaelewa yote mawili. Ishirini ya huku kwa dumu moja la maji, pigeni hesabu wenyewe. Mimi niliacha kuzigeuza hela mwezi wa kwanza, moyo hauwezi. (Unayekuja, kabla hujatoa deposit uliza tangi la ploti ni la lita ngapi. Wakikwambia maji yako, uliza siku gani.)

Lakini aibu yenyewe ni ya genge. Jumamosi moja nimefunga khanga, kikapu mkononi, nakutana na mama wa mlango wa tatu pale ngazini. "Wapi sasa?" Nikamwambia, "Naenda gengeni mara moja, narudi." Kaganda. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Genge? Ya akina nani?" Nikasema ya yule mama wa pale kona, ana nyanya nzuri. Ikachukua muda. Kwao genge ni kundi la wahuni, na kibanda cha nyanya na vitunguu ni kwa mama mboga. Tulicheka mpaka machozi, ila naamini wiki nzima alikuwa anafunga mlango kwa komeo mbili.

Kwa huyo mama mboga nako niliomba choroko, akanitazama tu. Nikazionyesha kwa kidole. "Aaa, ndengu." Dengu zetu ni kitu kingine kabisa, mnajua. Na kuna kitenzi kimoja, watu wa Dar mnakifahamu, ambacho huku ni kukataa tu. Nilikisikia ofisini, mama mtu mzima, mkuu wa kitengo, analalamika kwamba bosi amedinda kusaini. Chai ilinipalia.

Tatizo ni kwamba silaha yangu kubwa huku haifanyi kazi. Mimi neno nisilolijua hulishika kwa ngeli. Likija na cha au vya najua ni kitu, likija na wa natazama kama ni mtu au mti, nusu ya maana nimeshaipata kabla sijauliza. Rongai kila kitu ni ya. Mtungi ya, kiti ya, mfereji ya. Ni kama umeingia chumba unachokijua halafu mtu kakuzimia taa. Ngeli ziliwakosea nini hawa ndugu zetu?

Nililipeleka lalamiko hilo kwa mzee wa mlango wa nane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa. Namwamkia shikamoo kila asubuhi na ile marahaba yake anavyoiitikia, unajua alikuwa ameikosa. Nikamwambia, "Mwalimu, lugha mmeiharibu." Hakukasirika. "Mama, hicho Kiunguja mnachokiita sanifu, unajua kilipitishwa wapi? Mombasa, 1928. Kikao kilikaa kwetu, Kimvita chetu kikaachwa mlangoni, na hatukulia." Sikuwa na la kumjibu. Nikajifanya nimesikia simu inaita ndani.

Basi nimejifunza kwa kupigwa. Kwenye matatu nimegundua dawa yangu mwenyewe. Makanga, yaani konda, akisema "soo na finje", usimuulize, abiria wote watageuka. Toa noti ya 200, nyoosha mkono, subiri chenji. Ikirudi 50 umeshajua soo na finje ni 150, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwa hujui. Kasoro yake ni moja: chenji isiporudi, hujui kama neno lina maana ya 200 au umeibiwa.

Kulipasua neno pia kunasaidia, siku nyingine. Thao ni elfu ya Waingereza iliyokatwa mkia. Finje nadhani ni hamsini yao hao hao. Ashu, kumi, ukiifuata nyuma huenda inakufikisha kwenye ashara. Ngiri, ambayo nayo ni elfu, ni ya Wakikuyu, ndivyo wanavyohesabu. Ningeyajua hayo mapema nisingejidhalilisha kwa mwenye nyumba. Alinipigia simu: "Mama, hizo ngiri tatu bado zinanisumbua." Kamusi yangu inasema ngiri ni mnyama wa porini, na pia ni ule ugonjwa wa mshipa. Nikampa pole ya dhati, nikamuuliza kama daktari amesema apasuliwe. Kimya kilichofuata sitakisahau. Alikuwa anadai 3,000 ya deposit.

Lakini yapo ambayo ukiyapasua unapoteza muda. Noti ya 500 huitwa jirongo. Nilihangaika na silabi zake, mara rongo, mara uongo, nikafika hadi noti bandia. Mwalimu akanikatisha: ni jina la mtu, Cyrus Jirongo, aliyeongoza Youth for KANU '92, kundi la kukipigia debe chama tawala cha wakati huo, KANU, kwenye kampeni za uchaguzi wa 1992. Neno kama hilo usipompata aliyekuwepo, hulipati. Ni sawa na Mkenya aje kwetu asikie elfu kumi inaitwa msimbazi. Atachambua mpaka asubuhi, na kumbe alitakiwa ajue tu noti ni nyekundu kama jezi za Simba, na klabu hiyo ya mpira iko Mtaa wa Msimbazi.

Kuuliza nako kuna namna yake. Nilimuuliza mlinzi wa ofisini, "Sare maana yake nini?" Akafikiri, akasema, "Sare ni… sare tu." Kwangu sare ni nguo za shule, au moja kwa moja ya Yanga na Azam. Jioni nikamkamata mtoto wa mlango wa tatu, ana miaka kumi, nikamwambia nitungie sentensi. Akatunga bila kupumua: "Jana tulipewa maandazi ya sare. Sare hiyo stori." Ya kwanza ni bure, ya pili ni achana nayo. Tangu hapo siulizi maana, naomba sentensi. Watu wengi hawawezi kulieleza neno wanalolitumia kila siku, ila hakuna anayeshindwa kulitumia.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi huko Tanga au Moshi: kamusi iache, ni nzito. Chukua daftari dogo, andika neno, nani kalisema, na mkono wake ulikuwa unafanya nini. La tatu usiliruke. Halafu jaribu neno kwa mama mboga kabla hujalipeleka kwa bosi. Na usipange ploti isiyo na watoto. Ila ujue hata hao wanabadilika, nilimwambia huyo mtoto neno nililolitoa kwa dereva wa miaka hamsini, akanijibu, "Anti, hiyo ni ya wazee." Nimelifuta kwa kalamu nyekundu.

Hamsini ya fundi nilimrudishia, nikaandika "ya soda". Akajibu, "Uko fiti." Hilo nimelielewa lote, asante sana.

Leo jioni nimemwita mtoto nithibitishe.

"Chwani ni nini?"

"Ni finje."

"Na finje?"

"Ni chwani." Kamusi yangu nayo ina tabia hiyo hiyo.

Nikatoa noti ya 50 kwenye pochi. "Hii?" Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa na sarafu ya ishirini. "Na hii?"

"Mbao. Ama paundi. Ama blu."

"Majina matatu ya nini yote hayo?"

"Sijui." Alikuwa ameshaishika sarafu upande mmoja, mimi upande mwingine. "Anti, hii ni ya sare?"

Nikamwambia ya sare. Nilipofunga pochi alikuwa ameshafika chini ya ngazi.