Tarbushi za Spartanburg

Basi la kwenda Spartanburg lilikuwa liondoke Charlotte saa mbili asubuhi. Liliondoka saa nne kasoro robo, na hakuna aliyetuambia hata pole. Kiti changu kilikuwa kimekwama, choo kinanuka hadi mbele kwa dereva, na nauli nimelipa kamili. Nauandika udhia huu kwa ajili ya jamaa zangu wa Unguja wanaodhani huku Marekani kila kitu kinakwenda kwa dakika. Njiani hakuna cha kusimulia ila tangi la maji la Gaffney, kando ya barabara ya I-85, lililojengwa mwaka 1981 kwa umbo la tunda la pichi, rangi yake na mfuo wake wa katikati. Abiria walianza kucheka kabla hatujalifikia. Sitasema linafanana na nini.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba 2006, nami nakwenda kutazama Shrine Bowl: vijana bora wa sekondari wa North Carolina dhidi ya wenzao wa South Carolina, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kuukumbatia mpira kama fenesi na kukimbia nao. Mechi hii ilianza 1937. Mapato huenda kusaidia hospitali za watoto za chama cha Shriners, na iliyo karibu iko Greenville, ambako mtoto mwenye mguu au mgongo uliopinda alikuwa akitibiwa bila wazazi wake kutozwa senti. Wachezaji hupelekwa kuwaona watoto hao kabla ya kuingia uwanjani, na kaulimbiu yao ni kwamba miguu yenye nguvu inakimbia ili miguu dhaifu ipate kutembea. Hayo nilikuwa nimeshayasoma. Mavazi ya wenyeji wa shughuli ndiyo hakuna aliyenitahadharisha.

Teksi kutoka kituo cha basi ilinila dola kumi na tano, kwa mwendo ambao nyumbani ningeutembea huku nakula karanga. Nikashuka na hasira zangu mbele ya Gibbs Stadium, uwanja wa chuo cha Wofford ambako siku zile timu ya Carolina Panthers ilikuwa ikipiga kambi kila kiangazi, na hasira zote zikayeyuka. Langoni walikuwa wamejipanga wazee wa Kizungu wenye vitambi, wamevaa tarbushi. Tarbushi hasa, nyekundu, na shada jeusi linaning'inia. Moja imeandikwa HEJAZ kwa nakshi za kumetameta, nyingine OASIS, nyingine OMAR, na chini ya maandishi kuna upanga uliopinda na hilali.

Nilipofika mbele ya yule mzee wa OMAR, ulimi ukatangulia akili.

"Asalaam aleikum."

Inafaa mjue hali ilivyokuwa. Karibu kila gari la tatu pale maegeshoni lilikuwa na utepe wa manjano wa kuwaunga mkono wanajeshi walioko Iraq na Afghanistan. Mwezi mmoja nyuma, huko Minneapolis, maimamu sita walikuwa wameteremshwa kwenye ndege kwa sababu walisali kabla ya safari na abiria wakaingiwa na shaka. Foleni nyuma yangu ikanyamaza. Mama mmoja akamvuta mwanawe ubavuni.

Mzee akacheka mpaka shada likayumba. "Aleikum es salaam, kijana!" Akanishika mkono akautikisa kwa nguvu, akaniweka kando, na foleni ikaendelea kupita huku inatutazama.

Akanieleza kwamba wao ndio Shriners, chama cha Frimasoni, na maneno ya kofiani ni majina ya matawi yao. Chama chao kilianzishwa New York mwaka 1872. Mwigizaji mmoja, Billy Florence, alialikwa karamu ya mwanadiplomasia wa Kiarabu huko Marseille, akapendezwa na mapambo na mbwembwe zake, na akishirikiana na daktari Walter Fleming wakaufanya ule mchezo kuwa chama. Salamu ni yao tangu zamani. Yeye mwenyewe ni Mbaptisti, na Jumapili hakosi kanisani. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akafikiri kidogo, akasema jina hilo bado hawajalitumia.

Nilisimama pale nimeshika tiketi, sijui nicheke au ninune. Mwislamu akitamka maneno yale ndani ya ndege hushushwa. Mbaptisti akiyavaa kichwani anauza tiketi.

Ndani baridi ilikuwa kali na viti vya chuma. Soseji zao sikuthubutu kuziuliza ni za nyama gani, kwa hiyo nilishindia chipsi na kahawa ya dola mbili na nusu, nyepesi kabisa. Wimbo wa taifa ukapigwa, tukasimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani, kisha kelele zikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jirani yangu, mzee mweusi wa Charlotte, hakukaa haraka. Mwanawe mkubwa yuko Iraq. Alipokaa akanionyesha vijana uwanjani, zaidi ya nusu weusi, akasema mwaka 1965 hapangekuwa na hata mmoja. Mwaka ule Jimmie Lee Kirkpatrick wa Myers Park High School alikuwa moto wa kuotea mbali, na hakuchaguliwa. Wakili Julius Chambers akaenda mahakamani. Usiku wa 22 Novemba mabomu yakalipuliwa kwenye nyumba nne za viongozi weusi wa Charlotte, ya Chambers ikiwemo. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Weusi wakaingia mwaka uliofuata. "Vietnam walituchukua bila kesi," akasema, akageukia mpira.

Marehemu baba yangu alisimulia jinsi Vita vya Kagera vilivyoingia kila nyumba: mabasi na malori ya watu yakachukuliwa kupeleka askari, watu wakachanga ng'ombe na nafaka, kisha Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18, na miaka ikapita sukari na sabuni bado ni za foleni. Hapa maduka yalikuwa yanafurika. Mzee huyu aliniambia dirishani kwake ametundika bendera yenye nyota ya buluu, alama ya nyumba yenye mtu vitani, na kwamba mtaani pao ni yake peke yake.

Robo ya nne, ya mwisho ya mchezo, sikuiona. Basi la kurudi halikuwa na la pili, na siku hiyo, kwa ukorofi tu, liliondoka kwa wakati. Usiku nilinunua kadi ya simu ya dola tano, ile inayoahidi saa nzima ikakata baada ya dakika ishirini, nikampigia mama. Alisikiliza habari za tarbushi kwa furaha mpaka nilipotaja Frimasoni.

"Wamekupa kitu?"

"Kikaratasi tu, mama. Cha hospitali."

"Kichome," akasema. "Halafu uniambie hao watoto wanapona kweli?"