Ujira Usilale

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumamosi ya juzi mama anayetufulia alimaliza saa tisa alasiri: mashuka, sare za watoto, na mapazia yaliyoshiba vumbi la malori ya hapa Changamwe. Nilimkuta uani akipangusa mikono kwenye leso, vidole vimekunjamana na kupauka kwa sabuni na maji ya chumvi ya kisima. Nikamwambia, "Mama, nitakutumia jioni kwa simu." Akajibu, "Haya mwanangu, hamna neno."

Jioni nikasahau. Jumapili nikaenda Misa, nikatoa sadaka. Jumatatu ndipo nilipokumbuka, nikampigia. Akaniambia kwa upole kwamba watoto walikuwa wamelalia chai ya mkandaa siku mbili. Pesa niliyotia kapuni ilikuwa yake.

Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unaungojea ujira huo. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Nimelitafakari sana neno hilo. Mama yule hakulalamika hata kidogo. Ujira wenyewe ndio uliokuwa unalia. Na Katekisimu ya Kanisa inaitaja dhuluma kwa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu.

Tukisikia "Mafundisho Jamii ya Kanisa" wengi wetu tunadhani ni mambo ya maaskofu na seminari. Yapo maneno mazito humo, ni kweli: utu, mshikamano, mafao ya wengi, kanuni ya auni (mkubwa asimpokonye mdogo kazi anayoiweza, bali amsaidie). Lakini waraka uliofungua njia, Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, mwaka 1891, ulizungumzia watu wa viwandani waliochoka na kulipwa kiduchu. Papa Leo XIV alipochaguliwa mwaka 2025 alieleza kwamba waraka huo ni sababu mojawapo ya kulichagua jina hilo.

Kinachonichoma zaidi katika waraka huo wa 1891 ni hiki: mtu akikubali malipo duni kwa sababu ya shida au woga, amelazimishwa, na ni dhuluma. Basi lile neno letu, "si alikubali mwenyewe?", halitutetei. Anayebeba magunia sokoni Kongowea tangu alfajiri atakataa vipi, na nyuma yake wamesimama wengine kumi? Ujira wa haki ni ule unaomwezesha mtu kuishi, na ni deni. Tusiuite msaada.

Alhamisi kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo tuulizane, kila mmoja na nyumba yake: nani anatudai?

Mimi nilimwomba mama msamaha, nikamuuliza siku yake ya kazi inahitaji kulipwa ngapi. Alikaa kimya, akaangalia chini, kisha akataja kiasi kilichozidi nilichozoea kumpa kwa shilingi 200. Ndicho nilichomlipa Jumamosi hii, mkononi, nguo zikiwa bado zinachuruzika kambani.