Kiingereza Bila Kamusi

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021 tulitangaziwa kwamba sehemu kubwa ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ihame mara moja. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi iliyotangulia, lava ikashuka hadi Buhene, na sasa wataalamu walihofia magma iliyojipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Sisi wa mtaa wa Majengo tulikuwemo. Mama alisema kila mtu abebe kile anachoweza kukimbia nacho. Kamusi yangu ya Kiingereza na Kifaransa, nzito kama tofali, ikabaki mezani. Nilichukua kitabu kidogo cha hadithi, mojawapo ya vile vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza, nilichokinunua kwa wauza mitumba wa Birere.

Nilikuwa najifunza Kiingereza peke yangu, jioni baada ya kazi. Njia niliyoijua ni ile ya shuleni: soma sentensi, simama, fungua kamusi, andika maana ya Kifaransa kwenye kaye, yaani daftari, endelea. Nusu ukurasa ulimaliza jioni nzima, na nikifika mwisho wa aya mwanzo wake umeshanitoka. Kaye zilijaa, lakini hadithi yenyewe sikuwahi kuionja.

Bandarini watu walikuwa wamefurika, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Tulipata nafasi kwenye boti ya Bukavu tukakaa juu ya mizigo yetu. Hofu ilikuwa nyingi mno, nami nikatafuta mahali pa kuiweka. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Neno nisilolijua likaja. Mkono ukatafuta kamusi, haupati kitu. Nikapita. Likaja la pili, nikapita tena. Maneno marefu hayakunisumbua sana, maana Kiingereza kiliyachota mengi kutoka Kifaransa baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa ndicho tulichosomea. Kilichonitesa ni vile vitenzi vifupi vinavyogeuka maana kila vinapofuatwa na kineno kingine. Hata hivyo kijana wa kwenye hadithi alikuwa anamtafuta baba yake baharini, na mimi nilitaka kujua kama atamwona. Tulipokuwa tukipita kisiwa cha Idjwi nilirudi mwanzo, nikasoma sura zilezile upya. Safari hii maneno kadhaa yalijieleza yenyewe, kwa sababu nilishajua nani anafanya nini.

Baadaye sana nilisoma kazi za Paul Nation, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha kutoka New Zealand, anayeeleza kwamba ili mtu asome kwa raha bila msaada anapaswa kujua maneno kama 98 katika kila 100. Kitabu changu kilikuwa karibu na kiwango hicho. Kingekuwa riwaya ya watu wazima, nadhani ningekifunga kabla ya Idjwi. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wanaoniuliza: usione haya kuanza na kitabu chepesi, ona haya kukaa mwaka mzima na kitabu usichokifurahia.

Bukavu tulipokelewa na mama mdogo, kule Kadutu. Nyumba ilijaa. Usiku, baada ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, watoto walikosa usingizi wakiulizia moto wa mlima. Mama mdogo akaniambia, “Wewe unayesoma kila saa, wasimulie basi.” Nikaanza kuwasimulia kwa Kiswahili kile nilichokisoma mchana. Kazi hiyo ilinifunza kuliko kaye zote. Kila nilipokwama kusimulia, nilijua ni wapi sikuelewa, na kesho yake nilirudi palepale, nikisoma kwa sauti uani hadi sentensi ifunguke.

Hadithi iliisha kabla ya ruhusa ya kurudi Goma. Watoto walinikasirikia, wakitaka nyingine. Yaya, binti mkubwa wa nyumba ile, akanipeleka soko la Kadutu. Cha Kiingereza tulichokiona kilikuwa kimoja tu, kitabu cha jiografia cha shule za Afrika Mashariki, jalada limeng'oka. Tulikinunua, na jioni ile nikawaanzia sura ya mito.