Doa Jeusi kwenye Chonge

Mwaka 1998 nilikuwa tabibu wa meno mgeni kazini, mjini Tanga. Asubuhi moja akaingia bibi wa miaka 60 na ushei, kajifunika baibui, kashika shavu la kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Maji baridi yananitesa. Nikinywa, yananichoma mpaka jichoni."

Alionyesha upande, si jino. Nikampiga picha ya eksirei. Filamu niliitoa chumba cha giza ingali inachuruzika maji, nikaiinua dirishani. Gego dogo la juu lilikuwa na kipande cheupe pee: lilizibwa kwa amalgamu, ile ya zebaki na fedha. Chonge lililo jirani yake lilikuwa na doa jeusi ubavuni. Nikasema moyoni, limetoboka hili. Sikumuuliza lolote zaidi. Nikampiga ganzi, nikaanza kuchonga.

Jino lililooza unalijua kwa mkono. Ndani ni laini, rangi ya kahawia, unakwangua linatoka vipandevipande kama ngozi iliyolowa. Hapa palikuwa pagumu, na vumbi lililotoka lilikuwa jeupe. Nikapitisha chuma cha kuchunguzia. Kikaacha mstari wa kijivu, kama wa penseli kwenye karatasi. Bibi akainua kidole. Nikamtoa pamba mdomoni.

"Mwanangu, hapo si ndipo nilipozibwa Muscat?"

Aliishi Omani na mumewe, akazibwa mwanzoni mwa miaka ya 80. Nilikuwa nimechonga kazi nzima ya mtu mwingine, isiyo na kasoro yoyote. Mikono iliniishia nguvu.

Nikamwita mkuu wangu wa kazi. Hakunifokea. Aliichukua filamu, akaweka ukucha kwenye ukingo wa lile doa. "Tazama mpaka wake, bwana mdogo. Umenyooka, umekatwa na mashine. Uozo hauna mpaka kama huu, unafifia kidogokidogo kuingia jinoni."

Kisha akanieleza jambo ambalo chuoni nililikariri bila kulielewa. Miale ya eksirei huzuiwa zaidi na elementi nzito. Namba atomia ya zebaki ni 80, ya fedha 47. Ndiyo maana amalgamu hung'aa kwenye picha. Jino lenyewe linategemea kalisi, ambayo ni 20. Rizini nyingi za zamani, zile dawa za kuzibia zenye rangi ya jino kama aliyozibwa bibi, zilichanganywa na unga wa kwatzi, jiwe gumu, na silikoni iliyomo ni 14 tu. Miale inapita, pale pazibwapo panatoka peusi kama shimo. Ule mstari wa kijivu nao ulitokana na kwatzi hiyo: ni ngumu kiasi cha kukwangua chuma. Rizini za baadaye zikatiwa kioo chenye bariamu, ambayo ni 56, ili daktari mwingine akipiga picha aione. Kipimo chake ni aluminiamu: dawa ya kuzibia isififie kuliko bapa la aluminiamu la unene uleule.

Mpaka leo naona hilo ni deni la kila anayeziba jino. Anayemziba mgonjwa leo anamwandikia daktari ambaye hatamwona.

Nikamwomba bibi radhi. Nikamziba upya kwa rizini yenye bariamu, bila malipo, nikampiga picha nyingine. Pale penye doa pakatoka peupe. Akaishika ile filamu kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa linaonekana," akasema.

Siku ya tatu akarudi. Maji yalikuwa yanamchoma vilevile.

Safari hii nikamuuliza kila kitu, hata anavyopiga mswaki. Alikuwa anasugua kwa mkaa tangu usichana. Nikapuliza hewa taratibu, jino moja baada ya jingine. Nilipofika kwenye lile gego dogo la amalgamu akaruka kitini. Fizi ilikuwa imejivuta, shingo ya jino imelika, mzizi uko wazi. Mliko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Nikaufunika kwa simenti ya meno, nikasubiri igande, nikampa bilauri ya maji ya friji.

Akanywa funda moja, akatulia. Akanywa la pili. Kisha akaimaliza yote, akanirudishia bilauri tupu.